Shangazi na Gadi ya Mashine

Kiwandani kwetu wote tulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Kwa miaka ishirini na sita alikata karatasi kwenye mashine iliyosimama katikati ya chumba cha kujalidi vitabu, yenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, kinachoshuka kwenye karatasi mia tano bila hata kusita.

Kazi alifundishwa na kaka yake, ambaye kisu hicho kilikuwa kimemwachia vidole vinane. Kaka mtu alipenda kusema yeye hahesabu zaidi ya nane, anayetaka kumi amtafute msomi. Baada ya ajali ile ndipo alipoweka utaratibu wake. Kabla kisu hakijashuka, mkataji anauliza, "Mikono?" Aliye karibu anamtazama, anaitazama na meza, ndipo anajibu, "Iko nje." Pasipo jibu, kisu hakishuki.

Kaka alipostaafu, Shangazi akaurithi utaratibu pamoja na mashine, na aliyekuwa akijibu ni mimi, kutoka meza yangu ya kushonea vitabu. Siku tulizokosana hatukusemeshana tangu asubuhi hadi jioni, ila hilo tuliulizana na kujibizana mara mia mbili.

Kisha mzee mwenye kiwanda akafariki, mwanawe akashika usukani. Tulimwita Bosi Mdogo. Yeye akaleta gadi: kipande cha plastiki ngumu, angavu kama kioo, kilichofungwa kwa bawaba mbele ya kisu. Ukikiinua, mashine inazimika yenyewe.

"Gadi ni kinga," alitueleza. "Sasa hakuna haja ya kupigiana kelele kama mko sokoni."

Mimi nikahamishiwa chumba cha nyuma.

Neno likatukolea. Haukupita mwezi, aproni ikawa gadi, kifuniko cha birika gadi, na mpiga chapa akaingia na mwavuli akitangaza kwamba leo mvua haimpati, ana gadi. Shangazi akamwambia, "Na huo ulimi wako utafutie gadi." Mimi nina kamusi kuukuu ya Kiingereza iliyonifundisha zaidi ya shule, nikaifungua kwenye "guard", neno lililotuzalia gadi. Maana ya kwanza ni mtu anayeangalia. Vyuma na plastiki vimo chini zaidi. Siku hizi watu wanaanzia chini. Lakini sitasema uongo: gadi ilifanya kazi yake. Miaka saba hakuumia mtu. Kilichokufa ni kule kutazamana tu, na kifo cha namna hiyo hakiandikwi popote.

Ijumaa moja asubuhi bawaba ikavunjika. Kulikuwa na daftari za shule zilizotakiwa Jumatatu. Bosi Mdogo akaing'oa gadi, akaunganisha waya ili kuihadaa mashine kwamba gadi ipo.

"Kata, Shangazi. Fundi wa kuchomelea atakuja wiki ijayo."

Shangazi akatia mikono kwenye mifuko ya aproni. "Sikati."

"Si ulikata miaka yote ile bila gadi?"

"Nilikuwa na mtu."

Nikatoka chumba cha nyuma nikasimama mahali pangu pa zamani. Shangazi akanitazama bila kutabasamu.

"Wewe kaa, mzee wangu. Hukuing'oa wewe." Akamgeukia bosi. "Aliyeing'oa ndiye atakayejibu."

Mpiga chapa akachekea puani. "Bosi leo kapata kazi ya kusimama."

"Shangazi, mimi nina simu za kupiga."

"Piga, baba. Nitakungoja. Nimebakiza miaka miwili nistaafu, na vidole vyangu nataka niondoke navyo vyote."

Bosi angeweza kumfukuza, na nilimwona akilifikiria. Lakini mkataji mwingine hakuwepo, na daftari zilikuwa zimerundikana hadi dirishani. Akaja akasimama.

"Mikono?"

"Iko nje," akajibu, macho kwenye simu.

Kisu hakikushuka. "Hujatazama."

Akatazama. Sidhani kama aliwahi kuiona mikono ile kabla ya siku hiyo, na mikato myembamba ya karatasi iliyojaa kwenye vidole. "Iko nje," akasema tena, kwa sauti ya chini. Kisu kikashuka, na mabega ya bosi yakaruka.

Yaliendelea kuruka kila mara. Kufikia mara ya arobaini alikuwa amevua koti na simu ameizima. Kabla ya adhuhuri alikwenda mwenyewe na gari lake kumleta fundi, na saa tisa gadi ilikuwa imerudi mahali pake.

Nilimwambia Shangazi kwamba kijana yule amechoka miguu tu, wala hakumhurumia mtu. Marehemu baba yake angesimama hadi jioni.

Alikuwa akifuta kisu kwa kitambaa chenye mafuta. "Baba yake ndiye aliyekuwa akimharakisha kaka yangu siku ile," alisema. "Usimpambe."

Siku ile nilikuwepo, nilimsikia mzee kwa masikio yangu, na miaka yote nilikuwa nimeliweka pembeni.

Shangazi alistaafu na vidole vyake kumi. Aliyeshika nafasi yake ni hodari, anakata haraka, na gadi haijavunjika tena. Tumefanya kazi naye mwaka mzima, na sauti yake siijui vizuri.