Mito ya Mezani

Jirani wa mama mmoja na binti yake, mwalimu mstaafu wa historia, hafundishi kwa chaki. Huchovya kidole kikombeni na kuchora mito kwa maji juu ya meza yao ya jikoni, na mto ukikauka huuchora tena bila kuchoka.

"Huu ulifurika kwa msimu wake, mjukuu wangu, watu wake wa kale wakawa watulivu. Huu ulifurika bila taarifa. Watu wa huu waliishi roho juu, hata miungu yao waliiona mikali."

"Babu, huo wa pili ni mama kabisa!" binti akatania.

Mama akacheka, na mfuniko wa sufuria ukamponyoka. Ulipolia sakafuni, binti alikuwa ameshakinga uso kwa mkono. Mwalimu aliufuta mto wa pili kwa kiganja, taratibu. Mama aliuokota mfuniko polepole, kama yai, upole ambao alipaswa kuuanza tangu binti akiwa mchanga.