Mwalimu wa Iringa na wimbo wa wapanda mpunga wa Chimala

Saa moja asubuhi, kwenye majaruba ya mpunga nje kidogo ya Chimala, Philbert Mgaya amevaa soksi moja tu. Ya pili ameivika kwenye maiki ya kinasa sauti chake, upepo usiingie.

Wanawake kumi na wawili wameinama majini wakipandikiza miche.

"Mwalimu, mkeo huko Iringa anajua soksi zako zinafanya kazi gani huku?" anauliza Mama Ng'washi, anayeongoza wimbo.

"Ndiye aliyezifua," anajibu Philbert, kisha anabonyeza kitufe.

Philbert, 36, anafundisha muziki katika shule moja ya binafsi mjini Iringa. Jumapili anaongoza kwaya ya Kilutheri. Muda unaobaki ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya muziki. Masomo ya miaka miwili yamemchukua minne, kwa sababu mara mbili alisimama ili kulipia matibabu ya mama yake.

Chuo kinamtaka alete vitu viwili. Cha kwanza ni muziki alioutunga mwenyewe, uimbwe mbele ya watahini. Cha pili ni tasnifu inayoeleza kwa nini ameutunga hivyo.

"Kimoja kikiyumba, kingine kinaanguka," anasema. "Huwezi kusema tu kwamba umesikia kitu kizuri. Lazima useme umesikia nini."

Utunzi wake ameutoa kwenye wimbo alioukuta hapa mwaka jana. Wanawake hawa huuimba kwa Kisukuma, na Philbert ni Mbena, hajui hata salamu yake. Alitafuta mtu wa kumwambia maana ya maneno. Aliyemwambia ni mimi ninayeandika habari hii, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa jarubani nikipanda pamoja nao. Nilimwambia wanaomba mvua.

Akaenda Iringa akautunga upya kama sala. Kwaya yake ya watu ishirini na wanne inauimba polepole, wengine wamefumba macho. Akaandika kurasa arobaini kueleza jinsi kazi ya shamba inavyogeuka kuwa ibada.

Mwezi Novemba msimamizi wake aliomba kusikia sauti yenyewe ilivyonaswa shambani. Alipomaliza kusikiliza aliuliza swali moja: mbona kila ubeti unaishia kwenye kicheko?

"Nilikosa pa kuficha uso," anasema Philbert. "Wimbo ule nimeusikiliza zaidi ya mara mia. Kicheko nilikikata kwenye kompyuta, nikidhani ni kelele. Mimi, mwalimu wa muziki."

Ndiyo maana amerudi. Watahini watakaa mwezi Machi, na muda wake chuoni umekwisha. Akishindwa safari hii, hakuna kurudia.

Wimbo unaanza. Mwisho wa ubeti, wanawake wanacheka.

"Dada Sayi," ananiita, "hapo wanacheka nini?"

Mama Ng'washi ananyanyuka, miche mkononi, ananitazama. Kiswahili anakijua vizuri. Ananiachia mimi nijibu.

"Wanafurahi kwamba mvua imenyesha," nasema.

Philbert anaandika kwenye daftari. "Basi ni sala ya shukrani," anasema, na uso wake unalegea kama mtu aliyetua mzigo.

Wakati wa chai, Mama Ng'washi ananisogelea. "Mwambie, mwanangu. Sisi si wa kumwambia. Wimbo si wetu peke yetu."

Philbert ana mpango. Akifaulu, atakodi basi dogo ailete kwaya yake hapa, waimbe wamesimama juu ya tuta, na wanawake hawa wakae mbele.

"Nataka waniambie kama niliwaelewa," anasema.

Kaka Philbert, hukuwaelewa, na kosa si lako. Wimbo ule si wa mvua. Ni wa kunitania mimi.

Nilikuwa darasa la tano, na umri wa miaka kumi na minne, kwa sababu tulikuwa tumehama sana na ng'ombe. Mwalimu akanisimamisha nisome kwa sauti mbele ya watoto wa miaka kumi na moja. Nikatoka mlangoni, nikakimbia mpaka kwenye majaruba haya, sikurudi tena shuleni; kuandika hivi nilijifunza mwenyewe ukubwani. Mama Ng'washi akanipa miche, na akanitungia wimbo. Unasema hivi: "Sayi amekimbia kitabu, kwani kitabu kina meno? Njoo tupande, mpunga hauulizi swali." Hapo ndipo wanapocheka, kila msimu, nami hucheka nao.

Ulipokuja na kusema unasoma shahada ya pili, niliona aibu kukutafsiria. Leo nimeona aibu tena.

Irudishie tasnifu yako kicheko ulichokikata. Ukisikiliza vizuri, sauti inayochelewa kunyamaza ni yangu.