Suti ya Ngozi ya Sebagenzi

Mume wangu Sebagenzi alizaliwa milimani, juu ya Uvira, kwa watu wa ng'ombe, lakini yeye ng'ombe hakuwapenda sana. Alipenda injini. Alishuka mjini akiwa kijana, akafanya kazi miaka saba kwa Mzungu mmoja mwenye garaji. Mwaka wa uhuru Mzungu alikimbia, akaacha nyuma pikipiki moja iliyokufa. Sebagenzi aliifufua. Watu wa Rugenge, mtaa wetu, waliijua sauti yake kabla haijakata kona.

Mwaka uliofuata, siku uhuru ulipotimiza mwaka mmoja, wakubwa wa mji walitaka mashindano ya pikipiki, kutoka bandari ya Kalundu mpaka Kavimvira na kurudi. Waliweka sharti moja: asiye na suti ya ngozi, kutoka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, haanzi. Walikuwa wamesikia habari za kijana mmoja kule Usumbura, alianguka akiwa na koti la nailoni. Bomba la moshi liliyeyusha lile koti, likashikana na mwili wake, na wauguzi walilibandua pamoja na nyama. Sharti lilikuwa la haki. Lakini Wazungu walikuwa wameondoka na suti zao.

"Minye nitashona," nikasema.

Sebagenzi akacheka. "Weye unajua ngozi ya kubebea mtoto tu, Mama Abigaïl."

"Na weye si ulibebwa ndani yake?"

Kazi hiyo mama yangu alinifundisha. Ngozi inakunwa nywele, inakanyagwa, inapakwa mafuta ya ng'ombe siku kwa siku, mpaka inakuwa laini kama sikio la ndama. Ndiyo tunaita ingobyi, na mtoto akilala mgongoni ndani yake hataki kushuka. Nilichukua ngozi mbili kwa kaka yangu, nikakata mgongo, mikono na miguu. Kwenye magoti na viwiko nilitia mara mbili. Nilishona kwa kano za ng'ombe. Uzi wa nailoni wa wavuvi niliukataa, maana ukikaribia moto unajikunja na mshono unafunguka. Ndani nilitia kitambaa cha kaki, pamba tupu. Halafu nikapaka mafuta, bakuli tatu. Suti iling'aa, na mimi nikang'aa pamoja nayo.

Zilipobaki siku tano nikaipeleka Nyamianda kwa Libérat, fundi wa viatu, aitilie vifungo vya chuma. Libérat alikuwa Mrundi wa Nyakabere, Mkatoliki, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Aliishika suti, akainusa.

"Mama Abigaïl, hii imebaki kutiwa chumvi tu, tuikule."

"Nyinyi watu wa kulima maharage munajua nini juu ya ngozi?"

"Tunajua mafuta yakiwekwa kwenye moto yanafanya nini. Bomba ya pikipiki iko kama sufuria. Mafuta yatachemka, yataingia ndani, yatamukaanga bwana yako akiwa muzima."

"Mama yangu alibeba watoto saba mu ngozi ya mafuta. Hakuna aliyeungua."

"Na hakuna aliyekaa juu ya bomba."

Watu waliokuwa wakingoja viatu vyao wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichoniudhi. Nikatoa kipande cha ngozi kilichobaki, nikakilaza juu ya mkono wangu, nikamwambia, "Chukua chuma yako mu mbabula. Weka hapa."

"Siweki."

"Weka, ao unaogopa?"

Alikuwa na chuma cha kuchomea ncha za nyuzi, kimelala ndani ya makaa ya mbabula, jiko lake dogo. Akakiweka juu ya kile kipande. Mwanzo sikusikia kitu, nikawaangalia wale watu moja kwa moja usoni. Halafu ngozi ikaanza kulia kama nyama kikaangoni, moshi ukatoka, na mafuta ya moto yakashuka mpaka kwenye mwili wangu. Sikulia. Nilikunja kipande, nikasema, "Umeona, haikutoboka," nikabeba suti yangu nikaenda. Na kweli haikutoboka. Lakini nilipofika nyumbani, mkono ulikuwa na lengelenge kubwa kama yai la njiwa. Sebagenzi nilimwambia ni sufuria.

Kuondoa mafuta uliyoyapaka mwenyewe ni kazi yenye uchungu. Nilianika suti mpaka ikatoa jasho, nikaifunika udongo mweupe mkavu. Udongo ulikunywa mafuta ukawa mweusi, nikaukung'uta, nikatia mwingine. Siku mbili nzima hivyo. Halafu sabuni na maji ya vuguvugu, na kuianika kivulini. Ilikauka ikawa kama mlango. Nikaipiga kwa mti, nikaivuta, nikaifikicha mpaka vidole vikatoka damu, mpaka ikakubali kukunjika kwenye goti. Vifungo nilitia mwenyewe.

"Mbona haing'ari tena?" Sebagenzi akauliza.

"Unaenda kukimbia ao unaenda kuoa?"

Uhakika sikuwa nao. Kipande cha kujaribia kilikuwa kimoja tu, na kilikwisha kuungua.

Siku ile pikipiki zilikuwa tisa. Nilisimama kwenye kona ya mto Mulongwe, mtoto wetu Abigaïl mgongoni, kwa sababu mto ulikuwa umemwaga mchanga barabarani pale. Wakati wa kurudi Sebagenzi alikuwa wa tatu. Gurudumu la nyuma likateleza, akalala, pikipiki ikamkokota kama gunia, halafu ikamlalia mguu wa kushoto, bomba likiwa limekandamiza muundi.

Nilikimbia. Libérat, aliyekuwa akitazama upande wa pili wa barabara, alifika kabla yangu, amefunga aproni yake ya ngozi mikononi, akashika chuma pamoja na wanaume wawili. Kuinyanyua kulichukua muda wa kusali Baba Yetu mpaka amina. Moshi ulikuwa unatoka mguuni. Ngozi ikiungua, pua haijui kama ni ya ng'ombe ao ya muntu. Nikasema moyoni, mguu umekwisha, na kosa ni langu.

Libérat akatoa kisu.

"Usikate," Sebagenzi akasema, macho amefumba. "Mama Abigaïl atatuua sisi wawili."

"Lete hapa," nikasema.

Nilikata mshono wangu mwenyewe, kano moja moja, kutoka kwenye kifundo mpaka goti. Ngozi ya nje ilikuwa nyeusi, imekakamaa kama ukoko. Kaki ya ndani ilikuwa kavu, imegeuka rangi ya chai. Nikaifunua. Mguu ulikuwa na joto, kama wa muntu aliyekaa karibu na jiko. Lengelenge hakuna. Nywele za muundi zilikuwa zote mahali pake. Nilipitisha kiganja mara tatu.

"Iko nini?" Sebagenzi akauliza, bado hataki kutazama.

"Iko mguu," Libérat akamjibu.

"Na mashindano?"

"Ulishashindwa. Hata wa mwisho amepita, amekusalimia."

Nilikaa palepale kwenye mchanga nikacheka, mtoto akalia, nikacheka tena. Libérat alifikicha ile ngozi iliyoungua kwa vidole viwili, akaikuta haina mafuta, akaniangalia. Hakuwaambia watu kwamba nilimtii, na kwa hilo nilimheshimu mpaka alipokufa.

Miaka mitatu baadaye uasi uliingia Uvira. Tuliacha nyumba, pikipiki na suti, tukapanda milima kwa miguu siku nne. Sebagenzi alikuwa mbele, amembeba Abigaïl mabegani. Mimi nilikuwa nyuma yake na mzigo kichwani, na kila nilipochoka niliangalia ule mguu wa kushoto unavyokanyaga mawe, unapanda.