Mstari kwenye Ufizi wa Zuhura

Juzi, nikipanga kabati la marehemu mama, nilifungua kidau chake cha wanja. Harufu ya masizi na mafuta ya nazi ikanipanda puani, na wivu wangu wa nilipokuwa na miaka tisa ukarudi mzima mzima. Nisiwafiche, nilikuwa mtoto wa kijicho. Mnaonijua leo kama bibi mpole mtadhani nawasimulia habari za mtu mwingine.

Tulikaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, ua mmoja kwa wapangaji wote. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto pekee wa mama, na nilijua thamani yangu. Kisha akaja Zuhura, binti wa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mlinzi wa mgodi uliofungwa na wakoloni huko mwisho wa reli. Mjomba alimshusha na kifurushi chake, akasema, "Dada, huyu tumbo halimwachi. Nitazamie." Kesho yake akapanda treni ya kurudi.

Tangu siku ile nikawa kama mpangaji. Zuhura alikuwa mwembamba, mzito wa kucheza, akishika tumbo kila akila, na mama akaamua ni chango. Akamchemshia mizizi, akamkanda kwa mafuta ya nyonyo, akampa upande wa ukutani wa kitanda, upande wangu. Maziwa yakawa yake. Sukari ya kutia kwenye maziwa hayo niliipangia foleni mimi, alfajiri, nimeweka jiwe langu chini kushika nafasi kama watu wazima, nikilisukuma kwa mguu kila foleni ikisogea. Siku moja niliilamba njiani mpaka karatasi ikawa nyepesi. Nilichapwa. Zuhura hakuwahi kuchapwa.

Na maringo yake sasa! Kwao, alisema, kuna kijito kinachotoka ndani ya mgodi, mawe yake ya manjano kama binzari, na hakina chura hata mmoja.

"Mnayanywa hayo maji?"

"Tunakunywa, tunaoga, tunapikia. Kisima kiko mbali."

Mchanga wa kijito ulikuwa unameremeta, watoto wakiupika kwenye vifuu wakicheza mama na baba. Mimi nilikuwa na bomba la uani, maji yanakuja yanapotaka. Nilimchukia kwa kijito kile.

Asubuhi moja tukipiga mswaki nikauona mstari. Ulipita pale ufizi unapokutana na meno, mwembamba, wa buluu iliyokolea, kama umechorwa kwa kalamu. Nikamuuliza ni nini. Akavuta mdomo nione vizuri.

"Kwetu watoto wengi wanao," akasema.

Hata ufizi wake umepambwa! Sikula chapati yangu siku hiyo kwa hasira.

Mizizi iliposhindwa, mama alimpeleka hospitali. Nikafuata bila kualikwa. Daktari alimfunua mdomo, kisha akawaita wenzake wawili. "Njooni muone." Wote wakainama. Nikajisogeza, nikatabasamu kwa meno yote, hakuna aliyenitazama. Kisha tukatolewa nje sisi watoto ili wazungumze na mama. Tulirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, mama kamshika Zuhura mkono. Mkono wangu ulikuwa mtupu, na hapo ndipo nilipoamua.

Tulipofika nilichukua kidau, nikachovya kijiti, nikajichora mstari juu ya meno mbele ya kioo. Kisha nikaenda uani, nikapiga miayo mirefu mbele ya mama.

Alidondosha sufuria. Akanishika taya. "Yarabi! Na wewe? Na wewe, mwanangu?" Akanikumbatia, akilia kwa sauti mpaka wapangaji wakatoka vyumbani. Akawaambia kwa kwikwi kwamba daktari amesema ni sumu, ni madini ya risasi, yamo kwenye maji na mchanga wa ule mgodi, yameingia mpaka mifupani mwa mtoto. "Wamelala kitanda kimoja, na huyu kaambukizwa!"

Nami nilinyamaza. Nilikaa mapajani pake, nikaletewa maziwa kwenye kikombe cha Zuhura, nikayanywa yote. Nilikuwa nimesikia kila neno, na bado maziwa yalikuwa matamu.

Zuhura alikuwa kasimama mlangoni. Akaja, akashika upindo wa kanga ya mama, akanipangusa ufizi mara moja. Kanga ikatoka na weusi. Nikafumba macho kungoja kofi, lakini mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, akimshukuru Mungu. Zuhura akajipangusa na yeye, kwa nguvu, mara mbili tatu, akaitazama kanga.

"Wako unafutika," akasema.

Hakurudi kwao tena. Mstari ulififia polepole, lakini hesabu za shuleni zilimkimbia mpaka mwisho, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kila nilipomshinda. Ilinichukua miaka kujua kwamba ile sumu huharibu hata akili ya mtoto.

Kinachoniuma zaidi ni yale maneno ya asubuhi ya mswaki. Kwetu watoto wengi wanao. Mimi nilisikia maringo. Zuhura alikuwa ananieleza habari za wadogo zake wanne, waliobaki kule wakipika mchanga kwenye vifuu.