Konokono Hataki Pasi

Saa nne asubuhi, saluni imeshajaa harufu ya nywele zilizopashwa moto, ile inayokufuata mpaka nyumbani na kulala nawe kwenye mto. Viti ni vitatu. Kwenye viwili, wasusi wameshika pasi za umeme za kunyooshea nywele na waya zinaburuta sakafuni. Kwenye cha tatu, karibu na dirisha, hakuna waya. Hapo amesimama mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba, ameuma vibanio, anaviringisha kishungi cha nywele taratibu hadi kikalie ngozi ya kichwa.

"Konokono, umefika wapi?" anauliza bosi kutoka kwenye meza ya malipo.

"Kisogoni," anajibu bila kutoa vibanio mdomoni.

"Asubuhi yote kisogoni! Ukifika utosini tutakuwa na wajukuu."

Saluni inacheka. Konokono naye anacheka. Jina hilo alipewa na bosi huyohuyo na ameshalizoea. Lakini leo kicheko chake ni kifupi. Jana jioni, mbele ya wenzake, aliambiwa kichwa cha leo ndicho nafasi yake ya mwisho. Akikichelewesha, kiti cha dirishani atapewa mtu anayetumia pasi.

"Mimi simchukii," anasema bosi, ambaye naye ana mwenye nyumba wa kumlipa. "Ila pango halisubiri nywele zikauke."

Tuseme na upande wa pili, maana huwa hausemwi. Wasusi hawa hawana mshahara. Wanalipwa kwa kichwa, na katika kila kichwa theluthi mbili ni za bosi. Taulo wanafua wenyewe. Anayeungua anakwenda kupaka dawa yake ya meno kimyakimya na kurudi kazini.

Aliyekaa kwenye kiti cha dirishani ni mkunga mstaafu. Jioni anamwoza kitindamimba wake. Mwaka jana, ugonjwa na dawa zake vilimwacha na kichwa kitupu. Nywele zimerudi, lakini zimerudi laini na nyepesi, kama za wale watoto aliokuwa akiwapokea. Saluni moja ilimshauri wigi. Nyingine ilimpitishia pasi kidogo tu, kujaribu.

"Nikaona kishungi changu kinaning'inia kwenye chuma," anasimulia. "Nikasema, jamani, nywele nilizozililia mwaka mzima, leo nizichome kwa pesa yangu?"

Konokono hazichomi. Anazipulizia maji mpaka ziwe mbichi, zisilowe. Anapaka ute wa bamia uliochujwa kwa kitambaa, mwembamba kama maji. Mafuta hayagusi kabisa, kwani yangezilaza kama nyasi zilizonyeshewa. Safu ya kwanza anaiviringisha kuelekea kulia. Ya pili kushoto. Ya tatu kulia tena. Zikikauka, safu hizo zinakutana na kusukumana, na hapo ndipo wimbi linapozaliwa.

"Ukizungusha zote upande mmoja unapata machicha, si mawimbi," anasema. "Nywele nyepesi ni kama mtoto mwenye haya. Ukimkazania, anakimbia."

Kazi hii alifundishwa na mama yake mdogo, mfagiaji wa hospitali. Baada ya kupiga deki, mama mdogo alikuwa akikaa kando ya vitanda na kuwatengeneza nywele wagonjwa waliolala miezi. Pasi wodini zilikatazwa. Alitumia maji na vipande vya shuka kuukuu. Hakuna aliyemlipa, na siku alipostaafu hakuna aliyekumbuka kumuaga, isipokuwa wagonjwa.

Na wako wanaokumbuka mengine. Mtazame mwanamke yeyote aliyevuka ujana, nyuma ya sikio. Utakuta kovu. Ni la kitana cha chuma kilichopashwa kwenye makaa, siku alipokuwa binti na kuambiwa atulie ili apendeze. Aliyelia alisukumwa kichwa. Walioviuza vyuma hivyo walitajirika, wakahamia kwenye vya umeme, na hawajawahi kumwomba mtu radhi.

Saa saba, kichwa cha mkunga kimefungwa kitambaa chepesi cha pamba. Amri ni moja: asiguse. Nywele hizi zikifunguliwa zikiwa na ubichi hata kidogo, wimbi linakufa.

Konokono anakwenda kuosha vitana. Akigeuka, anamkuta mkunga amepenyeza kidole chini ya kitambaa.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimechungulia tu, mwanangu. Nilitaka kujua kama zipo."

Kishungi cha mbele, juu kabisa ya paji la uso, kimefunguka na kulala chali. Mkunga anajiona kwenye kioo na kuurudisha mkono mapajani. Bosi ameshafika na pasi mkononi, imewaka.

"Dakika moja, tumalize. Hicho kimoja tu."

"Hicho kimoja ndicho kitakachobaki kwenye chuma," anasema Konokono.

"Na ukirudia mwanzo, kiti unakijua."

Konokono anamtazama mkunga, si bosi. "Mama, kichwa ni chako. Sema wewe."

Mkunga anashusha pumzi. "Rudia. Nimekaa na wanawake usiku kucha wakisubiri, nitashindwa kusubiri nywele?"

Konokono anapuliza maji, anaviringisha, anabana. Muda hautoshi, kila mtu anaona. Ndipo msusi wa kiti cha kwanza, mwenye mdomo kuliko wote, anapozima pasi yake, anachukua kifuniko cha boksi na kuanza kupepea. Wa pili anamfuata. Wateja wao wanabaki na vichwa nusu nusu, wanacheka.

"Nani kawaambia mwache kazi?" bosi anafoka.

"Tunapunga hewa, bosi." Mwenye mdomo ananyoosha vidole, vina madoa meusi ya kuungua. "Na hivi pia vinapunga."

Bosi anaichomoa pasi yake kwenye umeme.

Saa kumi kitambaa kinatoka. Konokono anafungua kuanzia kisogoni, anapitisha vidole, hatumii kitana. Mawimbi yanashuka kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni, madogo, yaliyotulia. Mkunga anainua mkono, anakumbuka, anaushusha.

"Gusa sasa, mama," anaambiwa. "Zimekubali."

Mkunga alipoondoka, wateja wawili walikuwa wameshauliza bei. Bosi aliyasikia hayo. Jioni, wakifunga, alitoa uamuzi wake: Konokono abaki, lakini mawimbi yafanywe Jumatatu tu. Siku nyingine ashike pasi au akae nyumbani.

Jumatatu si zawadi. Ni siku ambayo viti vinakaa vitupu hata hivyo. Konokono analijua hilo vizuri kuliko yeyote. Hata hivyo amekubali, na wenzake wawili wameomba awafundishe siku hiyohiyo, wakiwa watatu, bila pasi hata moja kuwashwa.

"Watu wananipongeza," anasema, huku akianika taulo alizofua. "Mimi nawaambia bado. Jumatatu tumeshaipata. Sasa tunaitaka Jumanne."