Fimbo Mbili za Babu

Walimwita Wari, yaani yadi, tangu utotoni, kwa kuwa babu yake na baba yake waliuza vitambaa katika jengo lile lile ambamo naye, sasa akiwa na miaka hamsini na miwili, aliendelea kuviuza. Lilikuwa jengo refu na jembamba kama mkanda: mbele duka lake, nyuma sehemu ya binamu yake, na katikati chumba alimolala mama yake, ambaye miguu ilikwisha kumgomea.

Babu aliacha wasia wa mstari mmoja: mwana mkubwa, baba yake Wari, apate fimbo ishirini na nane kutoka mlango wa barabarani, kinachobaki ni cha mdogo. Baba zao waliishi bila kupima. Ndugu wakipatana, ukuta wa nini? Lakini wote wawili walikwisha kufariki, na binamu, binti wa yule mdogo, alitaka kuuza upande wake. Fundi mwashi angekuja Jumanne kuchora mstari.

Fimbo ya kupimia ilining'inia dukani, nyeusi kwa jasho la viganja vya vizazi vitatu. Wari akapima kwa siri. Ishirini na nane zikaishia kizingitini mwa chumba cha mama; chumba kingekuwa cha binamu. Akapekua stoo akitafuta karatasi yoyote ya kumwokoa, na nyuma ya rafu akakuta fimbo ya pili, iliyoizidi ya kwanza kwa vidole vinne. Akapima tena. Chumba chote kikaingia.

Badala ya kufurahi, alichanganyikiwa. Akaenda kwa shangazi, mtoto pekee wa babu aliyesalia.

"Ile ndefu ya kununulia, mwanangu," shangazi akasema, akicheka hadi kikohozi kikambana. "Fupi ya kuuzia. Ulidhani jengo lile lilijengwa kwa dua?"

"Na wasia, shangazi, aliupima kwa ipi?"

"Nijuaje mie? Siku nyingine alikuwa baba yetu, siku nyingine mfanyabiashara tu."

Wari akiificha ile ndefu, babu angebaki mwaminifu machoni pa watu na mama angetoka. Akiionyesha, mama angebaki, na babu je? Hadi Jumanne hakuwa ameamua. Mikono yake ndiyo iliyoziweka zote mbili juu ya kaunta.

Binamu alizilinganisha huku Wari akimweleza maneno ya shangazi.

"Kaka, yaani hata ada yangu ya shule ilitoka kwenye hivi vidole vinne?"

"Na yangu."

"Nawe unataka tugawane kwa haki alichokipata kwa ujanja!"

"Sijui ninachotaka, dada. Nataka mama asihamishwe."

"Nichore wapi, mabosi?" fundi akauliza, chaki mkononi. "Jua linapanda."

Binamu akashusha pumzi. "Chora nyuma ya chumba. Mama mkubwa akae. Na usinishukuru, kaka; sijasema fimbo yako ndiyo ya kweli."

Alasiri mteja alitaka wari nne za kitambaa cha shuka. Wari akaishika ile fupi, kwa mazoea, akapima nne. Kisha akaongeza shubiri, akasita, akaongeza nyingine.

"Mbona umezidisha?" mteja akashangaa.

Wari alikata kitambaa, akakikunja. Hakuwa na hakika kama alikuwa akitoa au akirudisha.