Ruhusa ya Kutumia Patroni

Kwa miaka mitatu nilijivunia kompyuta ambayo haikupaswa kuwepo. Ndani yake ulikaa mfumo endeshi wa kampuni moja ya ng'ambo isiyomruhusu mtu kuutia katika mashine ambayo haikuitengeneza yenyewe. Fundi wangu wa mtaa wa Kamalondo aliutia hata hivyo, kwenye sanduku alilolikusanya kwa vipande vilivyopitia mpaka wa Kasumbalesa. Akaniachia amri moja: ikikuomba mise à jour, yaani kusasisha mfumo, kataa.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipata diploma ya sekondari, nikakaa. Kwa kompyuta hiyo namchorea yaya, dada yangu mkubwa mshonaji, patroni: karatasi anazolaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Zake haziguswi na mwingine.

Siku tano kabla ya arusi iliyomwagiza yaya magauni kumi na nane ya kitambaa kimoja, kompyuta iliomba tena. Nilikuwa nimewadanganya wageni kwamba ni mashine halisi ya kampuni mpaka nikaamini mwenyewe. Nikakubali. Kioo kikawa cheusi, kikabaki hivyo.

Fundi alikuja, akaifungua.

"Ulifinya kitufe cha kukubali?"

"Kidogo."

"Kufinya hakuna kidogo, vieux. Michoro yako nitaitafuta, lakini ngojea wiki mbili."

Nikaenda kwa yaya na hotuba tayari.

"Kosa ni la ile kampuni, yaya. Wangeuza ruhusa, kila fundi angeweka mfumo wao bila kujificha."

"Na weye ungelipa?"

"Ningelipa."

"Weye? Hata unga ya bukari njo miye minalipa." Akaendelea kukata. "Mi niko upande ya ile kampuni. Mwaka jana nilipatia muntu patroni yangu. Akashona kola ikapinda, bantu bote bakasema iko mukono yangu."

Sasa najua kwamba aliyetengeneza kitu kizuri anaogopa mikono mibaya, na asiyeweza kukinunua atakipata kwa mlango wa nyuma. Afadhali mtengenezaji auze ruhusa, aweke masharti.

Yaya hakufika huko kwa hotuba yangu. Alifikishwa na siku zilizokuwa zikiisha. Alibaki na nakala moja ya patroni na magauni kumi na moja ambayo hayajakatwa. Akawaita washonaji wawili wa barabara yake kwa masharti: watumie uzi wake, kila kola aikague mwenyewe, patroni irudi jioni.

"Na huyu atakaa nayo," akasema, akininyooshea kidole.

Basi mimi, mtetezi wa ruhusa, nilikaa siku nne kwenye kigoda kisicho na mgongo nikilinda karatasi. Siku ya tatu, kola zote za arusi zikiwa zimeshakatwa, mmoja wa washonaji wale, mama aliyenigawia bukari na samaki, akaniomba anakili patroni ya kola kwa ajili ya binti yake.

"Kola tu, papa. Nani atajua?"

Nilikunja karatasi nikaikalia. "Muombe yaya."

Akaenda kumwomba. Yaya alizigeuza kola alizoshona mama yule, akazitazama ndani na nje.

"Mukono yake iko muzuri," akasema. "Mupatie."

Ijumaa magauni yote yalikuwa yametundikwa, kola zimekaa sawa. Iliyopinda ilikuwa ya binti wa yule mama tu, kwa sababu patroni niliyompa ilikuwa na mkunjo wa makalio yangu.